Mkwaruzo wa Gari la Shangazi

Watu wanaopita hapa kwetu wanadhani dada yangu anaosha magari. Nawaacha wapite. Mwenye gari akija mara ya kwanza hujionea mwenyewe. Analeta gari jeusi lililopauka kama suruali ya kazi, jioni anarudi na kulikuta limesimama uwanjani, mawingu yote yamo ndani ya boneti. Ndiyo maana wanamwita Kioo.

Mimi wananiita Kipaza, na sababu haihitaji kuelezwa. Wanapoonewa watu mimi husikika, na sijawahi kukosa kazi. Shule niliiacha njiani. Kusoma nimejifundisha kwa magazeti yaliyofungiwa sabuni na kwa matangazo ya ukutani, hasa yale yanayoanza na neno marufuku. Nina ugonjwa mmoja tu ambao nyumbani wameuzoea: sisahau. Nani alisema nini, alisemea wapi, siku hiyo alivaa shati gani. Dada anasema kichwa changu ni stoo isiyofagiliwa. Sawa. Lakini ukitafuta kitu, unakuja kwangu.

Gari lenyewe lilikuwa la marehemu mume wa Shangazi, dereva wa teksi. Ni la kijani kibichi cha kukolea, la milango minne, lenye bampa za kromu nzito kama vyuma vya kitanda. Mwenyewe alipofariki Shangazi hakuliuza. Alijifunza kuliendesha, na kila asubuhi akawa anakwenda nalo kazini, kiwanda cha mablanketi, akiwa amewapakia wenzake wanne wa zamu moja.

Kiwanda kile kilikuwa na kufuli. Nalisema wazi kwa sababu wenyewe hawalisemi. Wanawake wakishaingia chumba cha mashine, mlango unafungwa kwa nje, ufunguo unakaa kiunoni kwa mwenye kiwanda, tuliyemwita Bwana Mkubwa. Anayeumwa anasubiri. Mwenye mtoto mchanga anasubiri, maziwa yanamlowesha kifuani. Siku moja waya uliungua humo ndani, chumba kikajaa moshi, na ufunguo ulikuwa umekwenda kula chakula cha mchana.

Hawakufa. Lakini kesho yake hawakuingia kazini. Na malori ya Bwana Mkubwa yalipokuja yakiwa yamejaza watu wa kuwabadilisha, yalimkuta Shangazi getini. Ameliweka gari la kijani kwa upana, bampa ya mbele imegusa nguzo hii, ya nyuma imegusa nguzo ile, naye yuko ndani, kioo ameshusha, anakula karanga.

Bwana Mkubwa alitoka mwenyewe. Hakupiga kelele. Alipeleka mkono kiunoni, akatoa shada la funguo, akachagua mmoja. Mimi nilikuwa nimesimama ng'ambo ya barabara, nimeshika mkono wa dada yangu, na niliuona: ule mkubwa wa shaba, wa kufuli. Akauchomeka kwenye rangi chini ya kioo cha upande, akaanza kutembea taratibu, kutoka mlango wa mbele hadi mwisho wa mlango wa nyuma, huku chuma kinalia. Shangazi hakuteremka. Hakuwasha gari. Malori hayakupita siku hiyo, wala siku zilizofuata, mpaka kufuli likatolewa, na tundu lake likazibwa kwa saruji mbele ya macho ya watu.

Ule mkwaruzo ukabaki. Watu wa mtaani wakataka kumchangia apige rangi, akakataa. Kiwanda kikazeeka, kikafungwa. Gari likazeeka, likawekwa chini ya turubai pembeni ya nyumba. Shangazi naye akazeeka, macho yakaingia ukungu, ikawa anatuona kama watu waliosimama nyuma ya pazia.

Sasa wajukuu wa Bwana Mkubwa wamekigeuza kiwanda kuwa jumba la maduka. Vioo kila upande. Siku ya kufungua wakaamua waweke maonyesho ya magari ya zamani, na mratibu wao akaanza kuzunguka mitaani akitafuta magari. Mtu akamwelekeza kwetu.

Alikuta tumeshatoa turubai. Alikuwa na shati jeupe na pete nene kidoleni. Akaliona gari, akaweka kiganja juu ya boneti.

"Pete, ndugu," dada akamwambia.

"Samahani?"

"Pete yako inachana rangi. Angalia kwa macho."

Akaondoa mkono, akacheka kidogo. Si mtu mbaya, nasema ukweli hata pale usiponifaa. "Gari zuri sana hili. Kwa sura hii tunaliweka mbele kabisa, pale getini. Ila huu mkwaruzo mtautoa, sivyo?"

"Kuutoa naweza," dada akasema.

"Basi. Ukitoka, mbele. Usipotoka, itabidi nyuma, upande wa vyooni. Wakubwa wanataka mstari wa mbele uwe safi."

"Wakubwa gani?" nikauliza.

"Kaka, tulia," dada akasema.

"Nauliza tu. Wakubwa wanajua mkwaruzo huu uliandikwa na nani? Babu yao alikuwa na mwandiko mzuri, mbona. Mstari mmoja, haukupinda."

Mratibu akanitazama kama anavyotazamwa mtu anayeongea na taa za barabarani. Siku ya malori alikuwa hajazaliwa. Na hilo ndilo linalonichoma kuliko ubaya wenyewe: wanafuta kitu ambacho hawajawahi kukisoma.

Alipoondoka tukaingia ndani kwa Shangazi. Alikuwa anakunja nguo kwa kupapasa, kona kwa kona, zimenyooka kuliko za mwenye macho.

"Nimesikia," akasema. "Nataka mbele."

"Shangazi," nikasema, "mbele maana yake kufuta."

"Nimesema mbele. Kufuta umesema wewe." Akaweka nguo juu ya nyingine. "Lile geti nililikalia bila ruhusa yao. Leo wananialika halafu nikae vyooni? Kioo, mwanangu, utanifikisha mbele?"

"Nitakufikisha, Shangazi."

Uani tukagombana kama watoto. Mimi nikasema ukiugusa mkwaruzo ule sikujui. Yeye akasema maisha yake yote hakuna gari lililotoka mkononi mwake na mkwaruzo wa urefu ule, je, watu watasema nini? Nikamwambia watu watauliza na mimi nitajibu. Akasema, "Najua utajibu, hata kama hawajauliza." Kisha akanivuta shati hadi mlangoni mwa gari, akanisukuma kichwa chini.

"Angalia. Acha kuongea, angalia."

Nikaangalia. Ndani ya mkwaruzo, chuma kilikuwa kimegeuka rangi ya chai. Pembeni rangi ya kijani ilikuwa imeanza kuvimba, vipele vidogo vidogo.

"Kutu," akasema. "Inakula kwa chini. Ukiuacha hivi, hapa patakuwa na tundu unapitisha kidole. Utaonyesha watu nini hapo? Umeulinda miaka yote hii kwa mdomo, Kipaza. Chuma hakilindwi kwa mdomo."

Nikapitisha kidole juu ya vile vipele, kimoja kikapasuka.

Akaniambia alichokusudia. Mkwaruzo utabaki. Lakini atausafisha kutu yote, ataukausha, atauzika chini ya vanishi ya gari, ile inayong'aa bila rangi, uonekane kama uzi ndani ya kioo. Na gari zima atalifanya liwe zuri kiasi kwamba atakayesema lirudi nyuma ataona aibu kusikia sauti yake.

Basi akaanza, na mimi nikawa mbeba maji. Ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga uliotoka juu usirudi juu. Anaanza paa, anashuka. Magurudumu ana brashi yake na ndoo yake, na ole wako uichanganye. Kitambaa kikianguka chini, kimekufa, hakigusi tena rangi. Niliangusha kimoja, nikakiokota, nikajifanya sijakiangusha. Alikuwa amenipa mgongo.

"Weka pembeni hicho," akasema bila kugeuka.

Alipitisha ule udongo wake laini kama wa watoto kuchezea, akaukokota juu ya bodi iliyolowa, ukatoka mweusi kwa vumbi la chuma na utomvu wa miti. Akaziba mipira ya madirisha kwa utepe wa karatasi, maana dawa ya kung'arishia ikiingia kwenye mpira inauacha mweupe kama midomo ya mtu mwenye kiu. Halafu akasugua. Kivulini, bodi ikiwa ya baridi, kipande kwa kipande, mkono ukienda na kurudi kwa mstari ulionyooka, hauzunguki. Rangi ya zamani haina vanishi juu yake, kwa hiyo kitambaa kilikuwa kinatoka kijani, na mimi kila nikikiona nalalamika.

"Unaimaliza."

"Naiamsha. Ile iliyokufa ndiyo inayotoka. Kachote maji."

Kromu ya bampa ilirudi mpaka nikaiona sura yangu, pana, yenye hasira, inafanana na marehemu baba. Vifuniko vya magurudumu alivichokonoa kwa mswaki kwenye kila mfereji. Matairi akayapaka dawa, yakawa meusi ya kushiba. Viti akavifuta, dashibodi akaifuta, mpaka kisahani cha majivu ambamo mume wa Shangazi alikuwa anaweka pipi za abiria.

Mkwaruzo aliuacha mwisho. Alikunja msasa mwembamba mara kadhaa ukawa kama ukucha, akapita ndani ya mfereji tu, bila kugusa kijani ya pembeni. Akapaka dawa ya kutu. Akasubiri. Akaanza kujaza vanishi kwa brashi ya nywele chache, tabaka jembamba, kukauka, tabaka jingine, siku kwa siku, mpaka mfereji ukajaa na kuzidi kidogo. Akausawazisha kwa msasa wa maji, akaung'arisha.

Nilipouona niliweka ndoo chini. Mlango ulikuwa bwawa la kijani lililotulia, na ndani yake, chini kidogo ya uso wa maji, mstari mweupe wa Bwana Mkubwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna mtu duniani ambaye angesema haupo. Hakuna ambaye angesema gari hili lina kasoro. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kuona zikitoka mkononi mwake. Dada alisimama mbele ya gari akijifuta vidole kimoja kimoja, kidevu juu. Mimi, ambaye husifu kwa nadra na kwa masharti, nikamwambia, "Dada, hapa umewanyamazisha."

"Kamlete Shangazi," akasema.

Nikamleta kwa mkono. Sasa lazima niseme jambo ambalo sote tulilijua na hakuna aliyelikumbuka. Shangazi, akienda bombani, hupitia pembeni ya nyumba. Na akipita pale huinua turubai, huweka kidole kwenye mlango wa gari, hukipitisha mpaka mwisho, halafu huendelea na safari yake. Kila siku. Tumemwona mara nyingi mpaka tukaacha kumwona.

Akaweka kidole chini ya kioo cha mlango wa mbele. Akakipeleka. Akakirudisha. Akashuka kidogo, akajaribu tena, akapanda, akajaribu tena, kama mtu anayetafuta swichi katika chumba alichokizoea.

"Mmemaliza?" akauliza.

"Tumemaliza, Shangazi," dada akajibu, na sauti yake bado ilikuwa na furaha.

"Na Kipaza alikuwepo?"

"Nipo, Shangazi."

"Ukiwa umesimama hapo, wakaufuta."

"Haujafutwa," dada akasema haraka. "Upo, Shangazi. Uko chini ya vanishi. Unaonekana wote."

Shangazi akatoa mkono kwenye gari, akaufuta kwenye kanga, ingawa mlango ule ulikuwa safi kuliko sahani.

"Unaonekana na nani?" akasema.

Dada akageuza ndoo, akaikalia. Yeye alitumia ujuzi wake wote kuufanya uso wa mlango ule usiwe na hata alama moja ya kukwaza kidole. Fundi mwingine angeacha vanishi imelala ovyo, na Shangazi angeupata. Kosa lile lilihitaji mkono wa Kioo.

Dada alikaa pale mpaka Shangazi akarudi ndani. Nikategemea alie. Hakulia. Aliinuka, akachukua kopo la thina, ile dawa ya kuyeyushia rangi, kijiti chembamba na kipande cha kitambaa, akakizungushia kijiti kama anavyofungwa kidonda cha kidole.

"Unafanya nini?"

"Naufungua."

"Dada. Ile kazi..."

"Kazi ni yangu. Shika kopo, usinimwagie."

Akapiga magoti, akaanza kwenye mlango wa mbele. Tone moja, kusubiri vanishi ilainike, kufuta ndani ya mfereji tu, kutupa kitambaa, kuanza upya. Thina ikiruka pembeni inakula kijani, kwa hiyo alikuwa anapumua kwa hesabu ya mkono wake. Nilimwona mtu akibomoa kitu kizuri kuliko vyote alivyojenga, kwa uangalifu uleule aliokijengea. Nimehutubia mikutano mingi. Sijawahi kusema kitu kizito kama mgongo wake siku ile.

Alipomaliza, mfereji ulikuwa wazi, chuma cheupe, kisafi, hakina kutu. Akaufuta, akaweka nta kwa ncha ya kidole, akaing'arisha kwa kitambaa.

"Sasa hauna vanishi," akasema. "Nta peke yake. Nta inaondoka. Mvua ikipita, jua likipita, mtu lazima aje apake tena, la sivyo kutu inarudi."

"Nani atakuwa anakuja?"

Akanitupia kopo la nta. "Si unasema husahau?"

Tukamwita Shangazi. Safari hii alikuja peke yake, akishika ukuta. Kidole kikagusa mlango, kikazama kwenye mfereji, na uso wake wote ukabadilika. Akatembea nao. Katikati, pale mlango wa mbele unapokutana na wa nyuma, akasimama.

"Hapa ufunguo ulirukia nje," akasema. "Mnasikia ulivyo mwembamba baada ya hapa? Alikuwa amechoka mkono. Nikamwambia, kaza mkono, Bwana Mkubwa, bado mlango mmoja."

Hilo nilikuwa silijui. Mimi, mwenye stoo isiyofagiliwa.

"Ulimwambia hivyo?" dada akauliza.

"Nilikuwa na karanga mdomoni, sijui kama alisikia vizuri."

Siku ya maonyesho dada aliendesha, Shangazi akakaa mbele amevaa gauni la bluu, mimi nyuma na vitambaa na kopo langu. Mbele ya geti lile jipya mratibu alisimama akielekeza magari. Akatuona, akatabasamu. Akaona mlango, tabasamu likaisha.

"Mama, tulikubaliana," akasema dirishani. "Mkwaruzo bado upo. Tafadhali, mzunguke mpite nyuma."

Shangazi akamgusa dada goti. "Geuza kidogo. Bado. Haya, zima."

Dada akazima. Bampa ya mbele ilikaribia kugusa nguzo hii, ya nyuma nguzo ile. Nyuma yetu magari mengine ya zamani yakaanza kupanga foleni, na honi zikafuata.

"Mama, mnaziba geti."

"Gari la zamani hili, mwanangu," Shangazi akasema kwa upole, akifungua mfuko wa karanga. "Likichoka linachoka. Likisikia linawekwa mbele huwa linapata nguvu."

Nilifungua mdomo, dada akanitazama kwenye kioo cha ndani, nikaufunga. Haikuwa zamu yangu. Watu waliosubiri kuingia walikuwa wameshaanza kusogea. Walikuja kwanza kwa ajili ya rangi. Nilisikia mtu akiuliza gari limetengenezwa na nani, mwingine akajibu ni Kioo, nani mwingine. Halafu mama mmoja mzee, mwenye fimbo, akatoka kwenye foleni. Nilimjua: alikuwa anakaa kiti cha nyuma cha gari hili hili, upande wa kulia, zamu ya asubuhi. Hakusalimia. Alifika mlangoni, akaweka kidole kwenye mkwaruzo, akakipeleka mpaka mwisho. Nyuma yake akaja mwingine, akafanya hivyo hivyo. Na mwingine.

"Wanafanya nini?" mratibu akaniuliza mimi, kwa sauti ndogo.

Mama mwenye fimbo ndiye aliyemjibu. "Wewe ulikuwa hujazaliwa. Njoo nikuonyeshe tulipokuwa tumefungiwa." Akamshika kiganja, akakivuta kuelekea mlangoni.

"Pete kwanza," dada akasema kutoka kwenye usukani.

Akavua pete. Akaitia mfukoni, akaweka kidole, akatembea pole pole pembeni ya gari huku mama yule akimsimulia moshi na kufuli. Katikati ya safari akasimama, pale ufunguo uliporukia nje, na akamwangalia Shangazi. Sijui alimwona nani. Alisogea pembeni, akaunyoosha mkono kuelekea nafasi ya kwanza, ile ya mbele kabisa.

"Washa," Shangazi akasema.

Likawaka mara moja, kama gari jipya.

Tangu siku ile limerudi pembeni ya nyumba. Jana mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi hii nimefunua turubai, nimekausha mlango kwa kitambaa ambacho hakijawahi kuanguka, nimepaka nta kwa ncha ya kidole, kutoka chini ya kioo cha mlango wa mbele mpaka mwisho. Dada alikuja nyuma yangu, akainama, akatazama kwa upande wa mwanga.

"Umezungusha mkono," akasema. "Futa, anza tena."

Nikafuta, nikaanza tena.